Taa Hiyo Haikwambii Uko Salama

Kuna sentensi niliandika Januari moja usiku, nikiwa Rongai, stima imepotea na laptopu imebaki asilimia 10. Ilisema kwamba gari la kifahari lenye trakshoni kontroli "hukupa utulivu kamili kwenye barabara yoyote ya majira ya baridi." Nililipwa kwa neno. Theluji sijawahi kuikanyaga. Ninayoijua ni ile ya Mlima Kenya ukiitazama ukiwa Nanyuki asubuhi, na ile ya friji. Lakini mteja alikuwa ng'ambo, alitaka maneno 800 kabla ya kukucha, nikampa 810.

Sentensi hiyo ni uongo, na si uongo wangu peke yangu. Utaikuta kwa maneno tofauti kwenye matangazo ya magari ya bei mbaya kila baridi inapoanza kule kaskazini. Gari jeusi linapanda mlima, theluji inaruka pande zote kama unga wa posho mill, dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja. Tairi hazionyeshwi. Leo nataka tuongee kuhusu hizo tairi, na kuhusu ile taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake. Maana kuna watu wetu wanaendesha huko, na sisi huku tunawapigia makofi bila kujua tunapigia nini.

Kwanza tuelewane hii kitu inafanya nini. Kila gurudumu lina sensa inayopima kasi yake. Sensa hizo ni zilezile za ABS, breki zisizoacha magurudumu yajifunge, ambazo Bosch na Mercedes-Benz walizileta sokoni kwenye S-Class mwaka wa 1978. Ukikanyaga mafuta, na gurudumu moja kati ya yale yanayosukuma gari likaanza kuzunguka haraka kuliko mengine, kompyuta inajua kwamba limekosa mshiko. Hapo inafanya mambo mawili. Inalishika breki gurudumu hilo peke yake, ili nguvu ipitie kwenye difu iende kwa mwenzake. Ama inaipunguzia injini nguvu. Mara nyingi inafanya yote mawili kwa pamoja, haraka kuliko mguu wa binadamu. Basi, hiyo ndiyo trakshoni kontroli. Ilipoingia kwenye magari makubwa ya Ujerumani miaka ya 1980 ilikuwa kazi safi ya uhandisi, na sina ubishi na wahandisi walioibuni.

Ubishi wangu ni na lile neno "hukupa". Trakshoni kontroli haikupi kitu, inakunyima. Inazuia nguvu ya injini ambayo barabara haiwezi kuibeba. Mshiko wenyewe, ule msuguano tuliosoma kwenye fizikia ya shule, unapatikana mahali pamoja tu: pale mpira wa tairi unapogusa barabara. Ni eneo la ukubwa wa kiganja hivi, mara nne. Kompyuta haina namna ya kuongeza msuguano pale. Inachoweza ni kukuzuia usiutumie vibaya huo kidogo uliopo.

Fanya hesabu na mimi, kikokotoo cha simu kinatosha. Kwenye lami kavu kigawe cha msuguano ni kama 0.8. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari ni kama 0.2. Kwenye barafu ni 0.1, au hata chini ya hapo. Chukua gari linaloenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa mtaani. Tangu breki ziume mpaka gari lisimame, lami kavu inakula mita 12 hivi. Theluji inakula karibu mita 50. Barafu inakula karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira, goli mpaka goli. Kwenye hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika bei ya gari. Hata uzito wake unajikata, haubaki kwenye jibu.

Na angalia, hiyo ni hesabu ya kusimama. Trakshoni kontroli haina kazi unaposimama. Kazi yake ni unapoondoka na unapoongeza mwendo. Breki ni kazi ya ABS, nayo pia haizalishi msuguano, inakuachia tu nafasi ya kupinda usukani huku umekanyaga. Hata wale wanaojigamba kwamba gari lao linasukumwa na magurudumu yote manne wanasahau jambo dogo: kila gari barabarani, hata Vitz, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kuondoka watakushinda. Kusimama mko sawa.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Gari la zamani lingekutisha mapema. Ungekanyaga mafuta pale parking, gurudumu lizunguke likilia, mkia uyumbe, moyo ukuruke ukiwa bado mwendo wa mtu anayetembea. Ungesema, eeh, leo kumeharibika, niende polepole. Gari la kifahari linakuondoa kwa adabu. Haliyumbi, halilii, kiti kina joto, muziki unaendelea. Ishara pekee ya kwamba barabara imegeuka kioo ni kile kitaa cha njano, kinachomwekamweka bila sauti.

Binamu yangu yuko Minnesota, kando ya Minneapolis. Anafanya shifti za usiku kwenye makao ya wazee. Baada ya miaka mitatu ya kupanda mabasi kwenye baridi ile, alinunua gari la kifahari la Kijerumani lililotumika, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, rimu za inchi 19. Picha ilitua kwenye grupu ya familia saa kumi na moja asubuhi ya huku. Shangazi akaandika "Mungu ametenda." Mimi nikaweka mioto mitano. Hakuna aliyeuliza tairi ni za aina gani, na kusema kweli hata mimi, mwandishi wa maneno 810 kuhusu magari ya baridi, sikuwaza.

Theluji ya kwanza nzito ilipoanguka, alinitumia picha ya dashibodi. "Niaje, wewe ndio msee wa magari. Hii taa inawakawaka tangu nitoke parking, ni shida?"

Nikamjibu, "Hapana bana, hiyo ni poa. Inamaanisha trakshoni inafanya kazi. Endelea tu."

Nilichomwambia ni ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na maana. Ndiyo, taa ikimwekamweka mfumo uko kazini. Lakini mfumo hauingii kazini mpaka gurudumu limeshindwa. Ile taa inasema: mguu wako umeomba kitu ambacho barabara haina. Ikiwaka mara moja ukipita kwenye kidimbwi kilichoganda, sawa. Ikiwakawaka tangu parking, kila unapogusa mafuta, basi gari linakueleza kwa lugha pekee iliyonayo kwamba tairi hazina la kushika, na kama haziwezi kukuondoa, hazitaweza kukusimamisha.

Dakika chache baadaye aliteremka mteremko mfupi kuelekea njia panda. Taa za barabarani zikawa nyekundu. Akakanyaga breki, akahisi ABS ikitetemesha pedali chini ya mguu kama inavyotakiwa, na gari likaendelea kuteleza, likapita mstari, likapanda ukingo, likaishia kwenye nguzo. Kila mfumo ndani ya gari lile ulifanya kazi yake vizuri. Yeye alivunjika mkono. Alikaa wiki sita bila shifti, na shifti usiyoifanya hailipwi. Karo ya mdogo wake ilikuwa inatoka kwenye hizo shifti.

Tairi zilikuwa za kiangazi. Ndivyo magari mengi ya aina hiyo yanavyovikwa: tairi pana, ukuta mfupi, mpira uliotengenezewa lami yenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira ule unaanza kuwa mgumu. Ukifika chini ya sifuri, unakuwa kama soli ya kiatu cha plastiki kwenye vigae vyenye maji. Tena upana wenyewe, unaopendeza kwenye picha, ni mzigo kwenye theluji mbichi. Tairi pana huelea juu yake badala ya kuikata ifike chini. Tairi ya baridi ina mpira unaobaki laini kwenye baridi kali, na mikato midogo mingi inayouma theluji. Gari dogo la bei ya chini lenye tairi hizo litasimama wakati lile la kifahari bado linateleza kuelekea kwa majirani.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili vizuri. Kila msimu wa baridi wahandisi wa kampuni za magari hujazana Arjeplog, mji mdogo wa kaskazini mwa Uswidi, wakiendesha juu ya maziwa yaliyoganda kupima mifumo hii. Ndiyo maana waliweka kitufe cha kuizima. Ukikwama kwenye theluji nene, vitabu vingi vya gari vitakuambia uzime trakshoni kontroli kwa muda, kwa sababu hapo gurudumu linahitaji kuzunguka kidogo lichimbe, na gari lisukwesukwe mbele na nyuma mpaka litoke. Ukiiacha imewashwa, kompyuta inaona mzunguko, inakata nguvu, na gari linakaa pale likinguruma kwa upole. Ukishatoka unaiwasha tena. Mtu aliyeandika maelezo hayo anajua mipaka ya kifaa chake. Tatizo ni kwamba kitabu cha gari kinakaa kwenye droo, na tangazo liko kila mahali.

Najua kuna mtu tayari anakuna kichwa: lakini hivi vifaa si vimeokoa maisha? Vimeokoa, na hapo tusichanganye mambo. Kilichookoa watu wengi ni ndugu mkubwa wa trakshoni kontroli, ule mfumo wa uthabiti unaoitwa ESP, uliotokea kwenye Mercedes mwaka wa 1995, unaoshika breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuzunguka kwenye kona. Marekani iliulazimisha kwenye magari yote madogo kuanzia modeli za mwaka wa 2012. Sitaki mtu auondoe. Nataka tu ukumbuke kwamba hata huo unatumia mshiko uleule wa viganja vinne. Hesabu ya mita 100 haibadiliki.

Serikali zinazoijua baridi hazikudanganyika. Québec, kule Kanada, imelazimisha tairi za baridi tangu 2008. Ujerumani, nyumbani kwa magari haya ya kifahari, inakutaka uwe na tairi zinazofaa barabara ikiwa na theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 tairi hiyo sharti iwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hakuna sheria huko inayosema ukiwa na trakshoni kontroli umesamehewa. Minnesota, pamoja na baridi yake yote, haimlazimishi dereva kufunga tairi hizo. Inamwachia aamue mwenyewe. Na mtu aliyekulia mahali ambapo tairi ni tairi tu ataamuaje, ikiwa habari anayoikuta mtandaoni imeandikwa na kijana wa Rongai anayelipwa kwa neno?

Sisemi watu wetu wasinunue magari mazuri. Mtu akishavuja jasho lake anunue anachotaka. Ninachosema ni kwamba tumejifunza kupongeza beji ya mbele na kuona haya kuuliza kuhusu mpira wa chini. Bajeti yote inaenda kwa gari, hakuna inayobaki ya seti ya pili ya tairi, na pengo linazibwa na imani kwamba gari la bei hii haliwezi kuteleza. Imani hiyo inauzwa kwa makusudi. Mimi niliiuza.

Siku hizi nikipewa kazi ya aina hiyo naweka aya moja kuhusu tairi kabla ya kitu kingine. Mteja mmoja aliitoa, akasema inapunguza hamu ya msomaji. Sikumwandikia tena.

Binamu alipona. Ana gari lingine sasa, dogo, la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Novemba alituma picha kwenye grupu: si ya gari zima, ni ya ubavu wa tairi, imepigwa karibu mpaka mlima wenye chembe ya theluji unaonekana. Shangazi akauliza, "Hiyo ni nini mwanangu?"

Nikamweleza mimi, kirefu, kwa voisi ya dakika nne.