Kibali na Jua la Makka

Ndugu Waislamu, wazee wetu wa mwambao hawakutweka tanga kabla ya kuujua msimu, kusi au kaskazi. Sisi twapanda ndege, tukadhani majira hayatuhusu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilizidi nyuzi 51, na mahujaji 1,301 walifariki. Serikali ya Saudia ilieleza kuwa 83 katika kila mia hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema la ubaridi wala basi. Hutembea juani hata aanguke.

Enyi vijana mnaowalipia wazazi, viza ya matembezi si kibali cha Hija, hata wakala akiapa. Mfunguo Tatu nao huzunguka majira yote. Utazameni umeangukia wapi, ndipo mfunge mizigo ya mama.