Swichi Kuu Iko Ukuta Gani?



Leo sizungumzii shela wala hina. Nataka kumuuliza kila biharusi anayesoma hapa swali moja: nyumba unayohamia, swichi kuu ya umeme iko wapi? Vikombe vyako umevihesabu, mapazia umeyapima mara tatu, lakini hili wengi wenu mtanijibu kwamba mume atajua.

Swali hili nimelipata Tabora. Nilikwenda kumaliziana nguo za harusi na familia moja ambayo nusu yake iko Unguja. Tabora si ugenini kwetu. Wazee walivuka bahari mpaka Bagamoyo, wakatembea miezi mitatu hivi hadi Unyanyembe, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Ndiyo maana hata leo kuna watu wa Mjini wenye shangazi Tabora, na Tabora nako kuna mtaa unaitwa Ng'ambo kama kwetu. Mizigo ya misafara ile ilikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Wanawake walizivaa nyaya hizo mikononi na miguuni, na kwa nyaya hizo watu walinunua chakula njiani. Kwa hiyo waya ulifika Tabora kama pambo la mwanamke na kama pesa, miaka mingi kabla ya kubeba umeme.

Basi usiku mmoja kaka zake biharusi walikuwa wakibishana juu ya kompyuta. Mmoja ameshikilia kwamba Bill Gates aliivumbua Windows kichwani mwake. Wa pili anasema aliiba kwa Apple. Wa tatu hataki kusikia chochote ila Linux. Mimi napiga pindo la gauni, nasikiliza. Ukweli ni kwamba mwaka 1981 Microsoft iliununua mfumo wa DOS kwa kampuni ndogo ya Seattle, dola 50,000. Ule mtindo wa madirisha na kipanya ulikwisha kufanyiwa kazi na Xerox huko California miaka ya 1970, kabla Apple haijatoa Macintosh mwaka 1984. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na kila simu ya Android ina Linux ndani yake. Yule aliyekuwa akiitukana Linux alikuwa ameishika mkononi!

Mabishano yakageuka hadithi za utotoni. Huyu aliingiza msumari kwenye soketi akarushwa hadi ukutani. Huyu alitengeneza hita ya maji kwa nyembe mbili na waya. Mwingine alifungua redio ya babu ikiwa bado imechomekwa. Kila mmoja anamalizia kwa kicheko, na kwa majivuno kidogo: hapo ndipo nilipoanza kuwa fundi.

Dada zao walikuwepo pale pale na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hadithi. Si kwamba walikuwa na akili zaidi. Walipoisogelea redio walipigwa kofi la mkono wakaambiwa kaa mbali, hiyo si yako. Mvulana akipigwa na shoti tunasema amekua, msichana akiuliza tu tunasema ana kiherehere. Kisha msichana huyo huyo tunamwoza, tunamkabidhi nyumba yenye birika la umeme, pasi, friji na mtoto anayetambaa. Mchana kutwa yupo peke yake humo, na huyo kaka fundi yuko kazini.

Mimi nasema tuache. Kwanza hizi hadithi zisiwe za kuchekesha tena mbele ya watoto. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na waliokufa kwa msumari hawapo barazani kutusimulia. Pili, tuache kuwalea mabinti kana kwamba vitu hivi ni vya wanaume kwa asili. Historia yenyewe inakataa.

Chukueni ile soketi ya matundu matatu iliyomo karibu kila nyumba kwetu. Waingereza walipounda kamati wakati wa Vita vya Pili kupanga umeme wa majumbani, mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi wa umeme. Kamati hiyo ikapendekeza soketi isiyoruhusu mtoto kufikia umeme kirahisi, na kiwango chake kikatangazwa mwaka 1947. Ndani mna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Pini ndefu ya juu ndiyo inayovifungua.

Na sisi tunafanya nini? Chaja ya pini mbili ikikataa kuingia, tunachukua kalamu au kijiti, tunachokonoa tundu la juu, vifuniko vinafunguka, chaja inaingia. Mtoto wa miaka mitatu anatutazama. Kesho atachukua anachokiona mezani, na mara nyingine ni uma. Adapta ni bei ndogo kuliko kipande cha lesi. Nunua.

Hata kompyuta waliyokuwa wakiibishania ina mkono wa mwanamke. Zile picha ndogo za Macintosh ya 1984, pamoja na pipa la takataka, zilichorwa na Susan Kare, msanii, kwenye karatasi ya miraba, 32 kwa 32. Mwanamke yeyote wa Unguja aliyeshona kofia au kitambaa cha msalaba anaielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Karata za ule mchezo wa Windows wa mwaka 1990 alizichora yeye pia. Na kadi zenye matundu, zilizolisha kompyuta za mwanzo, zilikwisha kutumika kwenye mtambo wa kufumia nguo, wa Mfaransa Jacquard, mwaka 1804. Nguo, jamani! Kazi yetu.

Basi, biharusi, kabla ya kupanga makochi, fundi akiwa bado yupo mwambie akuoneshe swichi kuu na uizime mwenyewe kwa mkono wako mkavu. Wafundishe na wasichana wa kazi. Mtu akishikwa na umeme usimguse, hata akiwa mwanao, kwa sababu utashikwa naye. Zima kwanza. Ukishindwa kuzima, simama pahala pakavu umsukume kwa mti mkavu, kama mpini wa ufagio. Akiwa hapumui, anza kumpa huduma ya kwanza huku wengine wakitafuta gari. Akionekana mzima, mpeleke hospitali vilevile, maana umeme huunguza ndani na juu ukaona kidoa tu.

Kisha mwulize fundi kama kwenye boksi pana kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mbele yake. Umeme wa nyumba ukizimika, mlipe. Usipozimika, bado hajamaliza kazi.