Milima ya Bonde la Ufa huvimba na kunywea, nani anayeipima?

MACHI 2018, wakati wa mvua kubwa, ufa mpana ulikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok, na vyombo vya habari vya ng'ambo havikukawia kutangaza kwamba bara la Afrika limeanza kupasuka vipande viwili. Picha zilitisha kweli. Vipimo, hata hivyo, vilisema mengine. Vipokezi vya GPS vimeonyesha kwamba pande mbili za Bonde la Ufa nchini Kenya huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, mwendo usioweza kufungua korongo la mita kadhaa kwa usiku mmoja. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa mafuriko yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameujaza ufa wa kale.

Mabadiliko yaliyostahili kutukosesha usingizi yalitokea miaka mingi kabla ya hapo, tena bila kuonekana na yeyote. Mnamo 2009, mtafiti Juliet Biggs na wenzake walichapisha katika jarida la Geology uchunguzi wao wa volkano za Kenya, uliotegemea picha za rada zilizopigwa na setilaiti za Ulaya. Suswa na Menengai ilididimia kwa sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Longonot, mlima unaokwewa na watalii na wanafunzi wetu, uliinuka kwa takriban sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Paka, ulioko Baringo, uliinuka sentimita 21 katika kipindi cha miezi tisa, 2006 hadi 2007. Mchungaji aliyelisha mbuzi mlimani humo hakuhisi lolote, wala hangeweza kuhisi.

Setilaiti, ikiwa umbali wa kilomita 800 hivi kutoka ardhini, hutuma mawimbi ya rada na kupokea mwangwi wake. Ipitapo tena mahali pale pale baada ya majuma kadhaa, mwangwi mpya hulinganishwa na ule wa awali, na tofauti ndogo mno baina yake hudhihirisha ikiwa ardhi imepanda au imeshuka. Mawingu hayaizuii, wala giza.

Kuvimba si kulipuka. Hakuna hata mmoja kati ya milima hiyo minne uliotema moto katika miaka hiyo; huenda miamba iliyoyeyuka ilisogea chini kwa chini, au ni mvuke na maji moto yaliyoongeza shinikizo. Lakini milima hii, tuliyozoea kuihesabu kuwa mifu, ilithibitika kuwa ingali na uhai.

Kinachonitia wasiwasi ni tarehe. Habari za Longonot zilichapishwa miaka mitatu baada ya mlima wenyewe kutulia. Leo kisingizio cha gharama hakipo: tangu 2014, picha za setilaiti za Sentinel-1 hutolewa bila malipo kwa yeyote mwenye kompyuta na ujuzi wa kuzichanganua. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, imejengwa chini ya kasoko ya Menengai, ambako visima vya mvuke vimechimbwa tangu 2011. Serikali ya kitaifa na zile za kaunti ziulizwe waziwazi: ni afisi ipi iliyokabidhiwa kazi ya kuisoma kila picha ipatikanapo, na Menengai ukianza kuinuka, wakazi wa Nakuru wataarifiwa baada ya siku ngapi?