Utani usioweza kujibiwa ni dhulma

"Nilikuwa namtania tu" ni kauli fupi, lakini siku hizi imegeuzwa kuwa ngao. Huinuliwa maofisini, madukani, viwandani na mahotelini kila mtu anapoulizwa kwa nini amemshika mwenzake bega, mkono au kiuno bila ya ridhaa yake. Aliyeshika hucheka, waliokuwapo nao hucheka, na aliyeshikwa huinamisha uso. Akithubutu kulalamika, huambiwa kuwa hajui utani au ana maringo. Msimamo wetu juu ya jambo hili ni huu: utani ambao aliyetaniwa hawezi kuujibu si utani, ni dhulma. Dini yetu haiukubali, mila zetu hazikuujua, na sheria ya nchi imeukataza.

Tuanze na mila, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu ya utani. Mkonge ulipoletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, Pangani, mashamba yaliyofuata yaliwavuta vibarua kutoka Unyamwezi na pande nyingine nyingi za Tanganyika. Watu hao walikuja kuishi pamoja na Wabondei, Wazigua, Wasambaa na Wadigo, na utani ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowawezesha wageni na wenyeji kuzikana, kusaidiana na kusuluhishana. Mwaka 1944 mtafiti R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Hata wageni, basi, walitambua kuwa huu ni utaratibu wenye kanuni zake.

Ni kweli kwamba mtani alikuwa na ruhusa kubwa. Aliweza kumchukulia mtani wake kuku, kumpachika majina mbele ya watu, na hata kufanya vituko msibani ili kuwapunguzia wafiwa majonzi. Asiyejua mambo angedhani watu hawa hawana adabu. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka mitatu. Kwanza, watani walijulikana: kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, babu na mjukuu. Mtu hakujitangazia utani na yeyote aliyempenda, na wala hakuthubutu kumtania mkwewe. Pili, utani ulikwenda na kurudi. Aliyechukua kuku leo alijua kuwa kesho naye atachukuliwa mbuzi. Tatu, utani ulikuwa na deni. Yule aliyekutukana arusini ndiye aliyekuchimbia kaburi la mzazi wako. Hatusemi kuwa kila lililotendwa kwa jina la utani linakubalika kisharia. Yapo ambayo masheikh wetu waliyakemea na wataendelea kuyakemea. Tunasema tu kwamba hata ile mila isiyosomeka vitabuni ilijua pa kusimama.

Sasa tupime yanayotendeka kazini. Msimamizi anamfinya binti aliyeajiriwa juzi. Je, kuna utani gani wa kurithi baina yao? Je, binti huyo anaweza kumrudishia? Akijibu kwa neno, anahofia jina lake kukosekana katika orodha ya zamu. Akinyamaza, ukimya wake unahesabiwa kuwa ni ridhaa. Na siku akifikwa na msiba, huyo anayejiita mtani wake huenda hata nyumbani kwao hapajui. Hapa hakuna hata mpaka mmoja uliobaki katika ile mitatu. Kilichobaki ni jina tupu la utani, nalo limevikwa juu ya tendo jingine kabisa. Wahenga wamesema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bwana huyo huyo angesikia kwamba binti yake mwenyewe amefinywa na bosi wake huko Dar es Salaam, asingeliona hilo kuwa ni mzaha.

Wapo wanaotupa lawama zote kwa wachekeshaji. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Tanga ndiyo iliyomzaa marehemu Amri Athumani, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto, na aliyefariki dunia Agosti 2018 baada ya kuwachekesha Watanzania kwa miaka mingi. Katika michezo ya kuchekesha watu hupigana makofi, husukumana na kukimbizana. Lakini waigizaji wale wamekwishakubaliana kabla ya kamera kuwashwa; anayepigwa kofi anajua kuwa litakuja, na mchezo ukiisha hupeana mikono na kugawana malipo. Kosa ni la anayeutoa mchezo mahali pake na kuupeleka kwa mtu ambaye hakukubali kuucheza. Na siku hizi, kwa simu zilizo mikononi mwetu, vijana hurekodi watu wakishtuliwa na kuvutwa nguo, kisha wakawatawanyia wengine wacheke. Hapo aliyedhalilishwa mara moja hudhalilishwa kila video hiyo inapofunguliwa.

Ndugu msomaji, Uislamu si dini ya kununa. Mtume (s.a.w.) alitania, na hakusema ila kweli. Imepokewa na Imamu Ahmad, na pia na Tirmidhi katika Shamail, kwamba alimkuta Zahir, mtu wa jangwani aliyempenda, akiuza bidhaa zake sokoni. Akamkumbatia kwa nyuma bila ya Zahir kumwona, akanadi kwa mzaha kama anayeuza mtumwa. Zahir alipomtambua alifurahi, akazidi kujisogeza kifuani pake, kisha akasema kuwa yeye hana thamani ya kununuliwa. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa mbele ya Allah yeye ni ghali. Tuyazingatie haya. Alikuwa kazini, na aliguswa kwa utani. Lakini walikuwa wanaume wawili wenye mapenzi baina yao, aliyeguswa alifurahi, na mzaha ulimalizika kwa kuipandisha heshima yake.

Abu Dawud naye amepokea kisa cha Usayd bin Hudhayr, aliyekuwa akiwachekesha watu, na Mtume (s.a.w.) akamchoma ubavuni kwa kijiti. Usayd akadai kisasi chake. Mtume hakumwambia kuwa ule ulikuwa utani tu. Alikubali, na akainua kanzu yake ili Usayd alipize pasipo na nguo, kama alivyochomwa yeye. Usayd akamkumbatia na kumbusu, kwani hilo ndilo alilolitaka. Ikiwa Mtume wa Allah alikubali kudaiwa kwa ncha ya kijiti, msimamizi wa kiwanda ni nani hata asiulizwe?

Tena zipo hadithi mbili zinazogusa moja kwa moja shabaha yetu. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwingine akaichukua kamba aliyokuwa nayo, na aliyelala akaamka kwa hofu. Hapo Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Akakataza pia mtu kuchukua mali ya ndugu yake, iwe kwa mzaha au kwa dhati. Ikiwa kamba na fimbo vimewekewa ulinzi huu, mwili wa mwanadamu una haki kubwa zaidi. Ama wanawake wasio maharimu, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, kama ilivyo katika Bukhari, kuwa mkono wa Mtume haukugusa mkono wa mwanamke katika kiapo cha utii, aliwapokea kwa maneno. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imewakataza wanaume na wanawake kudhihakiana na kuitana majina mabaya.

Wengine nje ya dini yetu nao wamelifikia jambo hili kwa njia ya machungu. Huko Marekani, Al Franken, mchekeshaji aliyekuwa seneta, alitangaza kujiuzulu Desemba 2017 baada ya wanawake kadhaa kumtuhumu kuwagusa isivyofaa. Baadhi ya tuhuma alizikana, na nyingine alisema anazikumbuka tofauti. Lakini ilikuwapo picha ya mwaka 2006 iliyomwonyesha akielekeza mikono yake kwenye kifua cha mwanamke aliyelala, na mwenyewe alisema kuwa ilikusudiwa kuchekesha. Tena ni aliyelala, kama yule wa kamba! Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na udhalilishaji kazini.

Hapa nchini hatukusubiri mpaka hapo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la udhalilishaji wa kijinsia, kwa maneno au kwa vitendo, na ikamtaja hasa mwenye mamlaka kazini. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu udhalilishaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamfunga anayetaka ngono ili atoe ajira au cheo. Hakuna katika sheria hizi inayomwachia mtu kwa kuwa alikuwa akicheka.

Pamoja na hayo, sheria haifanyi kazi ikiwa nyumbani pamefungwa mdomo. Binti akirudi jioni, awe wa Usagara, Ngamiani au Muheza, akieleza yaliyompata, swali la kwanza lisiwe alivaa nini. Wala jibu la haraka lisiwe kumwachisha kazi, Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na aibu ya dhulma ni ya dhalimu. Wazazi wamsikilize, waandike siku, mahali na mashahidi, wafuatane naye kwa mwajiri mapema, na ikibidi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au dawati la jinsia na watoto la polisi. Vijana wa kiume nao hudhalilishwa na kucheka kwa uchungu. Nao wasikilizwe vivyo hivyo. Waajiri Waislamu waweke kanuni wazi, na wao wawe wa kwanza kuifuata.

Na wewe unayependa kutania, jipime kabla ya kunyoosha mkono: je, huyu akinirudishia hivi hivi, mbele ya watu hawa hawa, nitacheka? Kama hutacheka, urudishe mkono wako. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tunamwomba Allah atujaalie furaha isiyomliza mwenzetu, na azilinde heshima za watoto wetu popote wanapotafuta riziki ya halali. Amin.