Timu Zilizokufa Mapema

Husemwa na baadhi ya wasomi wetu, tena kwa yakini isiyostahili, kwamba historia ya kandanda ya Tanzania ni historia ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936; timu nyingine zote ni nyasi zilizoumizwa na mafahali hao wawili. Dai hilo nalikataa.

Kijana wa Malambo, wilayani Ngorongoro, hulelewa katika dhana hiyo. Jangwani na Msimbazi ziko mbali naye kwa safari ya kuvuka nusu ya nchi, lakini huko ndiko uliko moyo wake. Wala asilaumiwe. JKT Oljoro ya Arusha, timu ya mkoa wake, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2011 ikashuka mwaka 2014.

Lakini je, nyasi hutwaa ubingwa? Cosmopolitans waliutwaa mwaka 1967. Mseto ya Morogoro iliutoa nje ya Dar es Salaam mwaka 1975. Pan African, tunda la mfarakano wa Yanga, iliupata mwaka 1982. Tukuyu Stars, ya Rungwe, iliunyakua mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza wa ligi hiyo. Kuwaita hao bahati nasibu ni uvivu wa kufikiri.

Tuwatazame Wamarekani, ambao mchezo wao wa besiboli sina mapenzi nao. Timu ya Kekionga, ya mji wa Fort Wayne, ilishinda mchezo wa kwanza kabisa wa ligi yao ya kulipwa, tarehe 4 Mei 1871, kwa 2–0. Mwaka haukwisha ikawa imejitoa. Keokuk, ya mji mdogo wa Iowa, iliingia mwaka 1875, ikashinda mara 1, ikashindwa mara 12, ikatoweka. Hata hivyo matokeo yao yamehifadhiwa, na sababu za vifo vyao zinafahamika: kiingilio cha ligi kilikuwa dola 10 tu, ratiba kila timu ilijipangia, na gharama za safari zikaielemea miji midogo.

Sisi hatukuchunguza maiti zetu, na ugonjwa ungali nasi kwa sura nyingine. Mwaka 2024 Ihefu, iliyotoka Mbarali, iligeuzwa Singida Black Stars. Na Singida Fountain Gate ikahamia Babati na kulitupa jina la Singida. Nafasi ya ligi imekuwa mali ya kubebwa garini kama samani. Nani aliwauliza watu wa Mbarali, waliokaa juani kuishangilia? Na kijana wa Malambo, ambaye Babati ni karibu naye kuliko Dar es Salaam, aipende timu hiyo kwa dhamana gani?

Idara zetu za historia zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Wapelekwe Morogoro na Tukuyu. Waliocheza Mseto mwaka 1975 ni wazee sasa.