Bi Kidude na Ujira wa Mwimbaji

NDUGU msomaji, katika familia nyingi za wafanyakazi hapa Arusha, binti akitamka kwamba anataka kuwa mwimbaji au mcheza filamu, mazungumzo huishia hapo hapo. Baba huuliza kama masomo yamemshinda. Mama huwaonea haya majirani. Lakini Jumamosi ikifika, wazazi hao hao huvaa nguo zao nzuri wakaenda kwenye sherehe ya kumuaga bibi arusi pale Daraja Mbili. Huko humshangilia binti wa mwenzao anayeimba, wakamtuza noti mbili tatu, kisha wakarudi nyumbani wameridhika. Sauti ya mwimbaji tunaipenda, ila hatupendi itoke katika nyumba yetu.

Leo napenda tulitazame jambo hili kwa kupitia maisha ya mama mmoja ambaye jina lake si geni kwa Watanzania, marehemu Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, kisiwani Unguja, akiwa mtoto wa mchuuzi wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa zama za rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi mwaka 1936 ilipopokewa na shilingi. Jina la Kidude alilipata kwa kuwa alizaliwa kichanga kidogo mno. Katika utoto wake, mwimbaji aliyevuma kupita wote visiwani alikuwa Siti binti Saad, mwana wa Fumba, aliyepata kufinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kabla ya kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kidude alimsikiliza Siti, akazishika nyimbo zake kwa moyo, na maisha yake yote aliendelea kuziimba.

Alipofika umri wa kuvunja ungo, alitakiwa aolewe na mtu asiyemtaka. Akatoroka. Alivuka bahari akazunguka bara kwa miguu, bila viatu, huku akiimba. Baadaye aliolewa tena, na ndoa hiyo nayo haikudumu. Alirejea Unguja katika miaka ya 1940, akapata nyumba yake ya udongo upande wa Ng'ambo, na huko akajulikana kwa kazi nyingi zaidi ya uimbaji. Alikuwa kungwi wa unyago, akiwafunda wari mambo ya unyumba. Alipiga ngoma ya msondo ameifunga kiunoni, kazi iliyohitaji nguvu za mwili pamoja na ufundi wa mikono. Aliuza hina na wanja, na aliwatibu watu kwa miti shamba.

Hebu tutue hapo kidogo. Kwa nini mwimbaji mwenye kipawa kama hicho auze wanja? Sababu ni kwamba uimbaji peke yake haukumtosha. Katika taarabu na ngoma zetu, sehemu kubwa ya pato la mwimbaji hutokana na kutuzwa: msikilizaji akiguswa na wimbo husimama, akasogea mbele huku akicheza, akampa mwimbaji fedha mkononi. Ni desturi nzuri, yenye heshima na furaha ndani yake. Hata hivyo haina kima wala tarehe. Usiku mmoja huleta nyingi, usiku wa pili huleta nauli tu. Wazee wetu waliofanya kazi Kiltex na General Tyre, wakati viwanda hivyo vilipokuwa vikizalisha, wanaifahamu tofauti baina ya mshahara wa mwisho wa mwezi na bahati ya siku.

Umaarufu wa kimataifa ulimfikia Bi Kidude uzeeni. Tangu miaka ya 1980 alianza kualikwa Ulaya, Mashariki ya Kati na hata Japani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX katika mji wa Newcastle, Uingereza, na mwaka 2006 ilitoka filamu ya maisha yake, iliyotengenezwa na Mwingereza Andy Jones. Vijana wa muziki wa kizazi kipya nao walimfuata. Katika wimbo uitwao Ahmada, wa kundi la Offside Trick, sauti yake ya kukwaruza inasikika kando ya sauti za vijana wenye umri wa wajukuu zake. Mwaka 2012 alitunukiwa nishani na Rais Jakaya Kikwete. Alifariki dunia Bububu tarehe 17 Aprili, 2013, akazikwa Kitumba, na viongozi wa juu wa nchi walikuwa miongoni mwa waombolezaji.

Pamoja na sifa zote hizo, hakufa tajiri. Makofi yalimfuata kila nchi aliyokwenda, lakini makofi hayanunui unga. Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Zanzibar tu. Huko Hong Kong, ambako filamu zake za ngumi zilijaza majumba ya sinema ya miji yetu katika miaka ya 1970, alikuwako Anita Mui, mwigizaji wa filamu na mwimbaji wa lugha ya Kikantoni. Alianza kuimba jukwaani akiwa mtoto mdogo ili kuisaidia familia yake kupata riziki. Mwaka 1982 alishinda shindano la waimbaji wapya, na baadaye filamu iitwayo Rouge ikampatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Yeye na wenzake hawakuridhika na sifa. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wasanii wa Hong Kong. Alifariki mwaka 2003 kwa saratani ya shingo ya kizazi, akiwa na umri wa miaka 40. Wasanii wale walitambua jambo ambalo wafanyakazi wa viwandani walikwisha kulitambua zamani, kwamba mtu mmoja mmoja hana nguvu mbele ya mwenye mali.

Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Kwa sheria hiyo, aliyetunga wimbo ana haki juu ya utungo wake maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyeimba au kuigiza naye ana haki yake, nayo ndiyo huitwa hakishiriki. Lakini sheria haiwezi kumsaidia ipasavyo mtu aliyetia sahihi karatasi asiyoisoma, au aliyekubaliana kwa mdomo na mtu ambaye kesho atakana.

Kwa hiyo, ndugu mzazi wa Daraja Mbili, binti yako akikwambia kwamba anataka kuimba, usikimbilie kumwita mhuni. Najua hofu yako ina msingi: kazi hii ni ya usiku, na wako watu wabaya wanaowanyemelea mabinti kwa ahadi za kurekodiwa. Wala Bi Kidude hakuwa mfano wa kila tabia, maana alivuta sigara na kunywa pombe mbele za watu bila kujificha. Lakini binti akikatazwa bila maelezo, yamkini ataimba vivyo hivyo, kwa siri, bila mkubwa wa kumsimamia. Hapo ndipo wabaya wanapompata.

Mwulize maswali ambayo ungemwuliza kijana anayekwenda kuajiriwa kiwandani. Nani atakulipa? Atakulipa kiasi gani, na lini? Wimbo ukishapigwa redioni au kuingizwa katika filamu, utakuwa mali ya nani? Mkataba uko wapi, nasi tuusome pamoja? Mpeleke akajiandikishe na kusajili kazi zake. Amalize shule, ili aweze kuisoma hiyo mikataba mwenyewe. Ukumbini nenda naye, au mtume shangazi yake aende naye.

Nasi tunaoalika waimbaji katika sherehe zetu tuna wajibu wetu. Kamati ya sherehe hupanga bei ya ukumbi, chakula na mapambo miezi kadhaa kabla. Mwimbaji hukumbukwa siku ya mwisho, akaambiwa kwamba atatuzwa huko huko. Tumwandikie kiasi chake katika bajeti kama tunavyomwandikia mpishi, tumlipe kabla hajapanda gari kurudi kwao, na kutuzwa kuwe nyongeza juu ya ujira wake.