Wazee wa Chogo, Tyubu ya Inchi 12 Mnaiota, ya Inchi 7 Inaoza Stoo!

Sumbawanga haijawahi kuishiwa ubishi. Ukiacha Simba na Yanga, kwa sasa kinachochoma mahindi kwenye vijiwe vya mjini ni projekta. Ndiyo, projekta. Na wanaouendesha ubishi huo ni watu wazima wawili, majina kapuni, ila aliyewahi kukaa kijiweni jioni ya baridi ya mwezi wa sita atakuwa ameshawajua.

Wa kwanza ni fundi mkongwe wa redio na TV. Nusu ya mji imeshambebea chogo lililogoma. Wa pili alikuwa na kibanda umiza enzi zile, na ndiye aliyeleta mjini projekta ya tyubu tatu, ile yenye macho matatu mbele: nyekundu, kijani na bluu. Ilitolewa ofisini Dar ikiwa chakavu, ikapanda lori hadi Ufipa. Mashine ilishazima miaka mingi. Midomo haijazima.

Wimbo wao ni mmoja. Eti dunia ilikosea kuziacha projekta za chogo. Eti kiwanda kimoja tu, hata huko China, kikikubali kutengeneza tyubu kubwa zaidi, inchi 12, yenye fosfa mpya inayowaka kuliko ya zamani, hizi projekta za kisasa zote zitupwe Bonde la Rukwa. Vijana wanasikiliza midomo wazi. Wengine wamefungua na pochi, hilo linakuja.

Tuanze kwa kuwapa haki yao, maana hawa wazee siyo wajinga. Chogo lina kitu. Kwenye tyubu, sehemu ya giza ni sehemu ambayo mwale haujapiga, basi. Hakuna taa nyuma inayovujisha mwanga. Ndiyo maana usiku kwenye sinema unaonekana usiku kweli, siyo rangi ya uji wa ulezi kama kwenye projekta nyingi za bei chee. Na mpira ukipigwa shuti hauachi mkia. Sony na Barco ya Ubelgiji walifika mpaka tyubu za inchi 9, mashine zenye uzito wa zaidi ya kilo 100, na kuna watu Ulaya na Marekani mpaka leo wanazitunza kama ng'ombe wa mahari. Kwa hesabu tupu, kutoka inchi 9 kwenda 12 eneo la kioo linaongezeka kwa karibu robo tatu, kwa hiyo ungeweza kusukuma mwanga zaidi bila kuiunguza fosfa haraka. Hapo wazee wako sahihi.

Sasa bili.

Tyubu kubwa inataka lenzi kubwa. Na siyo moja, ni tatu, kila moja saizi ya sufuria la ubwabwa wa msiba. Nani anazisaga? Ndani ya tyubu hakuna hewa, nje hewa inakandamiza, kwa hiyo kioo kikipanuka lazima kinenepe. Umeme wa ndani, ambao tayari unapita volti 30,000, unatakiwa upande tena ili mwale ubaki mwembamba, na ukipanda sana tyubu inaanza kutema miale ya eksirei, unaanza kuongeza risasi kwenye kioo. Halafu kumbuka mji wenyewe uko juu, kama mita 1,800, hewa nyepesi. Volti kubwa huruka kirahisi zaidi huku kuliko Dar. Fundi mkongwe analijua hilo vizuri, ameshapigwa shoti za kutosha. Sony wenyewe, wenye hela na maabara, mwaka 2008 waliachana na Trinitron kwenye masoko mengi. Sasa kiwanda gani kitawasha tanuru la vioo kwa ajili ya oda ya watu ishirini wa Katandala na Izia?

Na hata kingewasha, picha yenyewe mtaipata wapi? Sinema zinazooneshwa mabandani ni zile zilizotafsiriwa na madijei, zimekopiwa kutoka flashi moja kwenda nyingine mpaka sura ya staringi imekuwa vibox. Tyubu ya inchi 9 ya zamani tayari inaweza kuonesha undani mkubwa kuliko chochote kilichomo kwenye flashi hizo. Ya inchi 12 itawaonesha vibox vikubwa zaidi.

Halafu hayo mabanda. Bati lina matundu ya misumari kila hatua, saa tisa mchana jua linaingia kama tochi kumi. Weusi mnaoutukuza unakufa hapo hapo, kwa sababu ukuta hauwezi kuwa mweusi kuliko mwanga unaoupiga. Umeme nao, mji huu kwa miaka mingi umelishwa na umeme unaonunuliwa Zambia, na ukikatika katikati ya sinema, projekta ya tyubu tatu siyo ya kuwasha tu ukaendelea. Inataka ipate joto kwanza ndipo rangi tatu zikae juu ya mstari mmoja. Dakika ishirini, nusu saa, watu wanadai jero yao mlangoni.

Wanaoumia ni akina nani? Kuna dogo mmoja wa Chanji, naye jina kapuni. Alinunua kaprojekta kadogo Kariakoo kwa hela ya mahindi, akakodi chumba. Box liliandikwa lumen za uongo kama kawaida yao, lakini dogo akatumia akili: akaziba matundu ya bati kwa lami, akazungusha turubai jeusi, akapaka ukuta mmoja rangi nyeupe isiyong'aa. Kiingilio jero. Wikiendi anaonesha video za sendofu. Alikuwa anapata watu.

Wazee wakaanza kwenda kusimama mlangoni. Dogo anawaamkia kwa heshima, "Shikamooni," wanaitika marahaba, kisha wanapaza sauti wote wasikie: "Hii siyo picha, huu ni uji wa ulezi. Subirini tyubu kubwa ije." Vijana ni vijana, wakaogopa kuonekana washamba. Chumba kikaanza kupwaya. Na hao hao vijana ndio waliochangishwa elfu ishirini ishirini "kuanzia mazungumzo na kiwanda". Mazungumzo gani, kwa lugha gani, na kiwanda kipi, hakuna aliyeoneshwa hata meseji moja.

Ila kinachouma kuliko vyote ni hiki. Dogo hakununa. Alienda nyumbani kwa mzee mwenye projekta, kabeba na sukari, akamwomba ile mashine ya zamani ifufuliwe. Tyubu zake ni za inchi 7, bado zina uhai. Kilichoharibika ni maji ya kupozea yaliyoota ukungu na bodi moja ya umeme, kazi ambayo fundi mkongwe anaiweza akiwa amefumba macho. Dogo akasema atatoa chumba, atanunua vifaa, mapato wagawane kwa watatu. Chumba tayari kina giza. Mji mzima ungeuona ule weusi wanaousimulia kila siku.

Wakakataa. Eti inchi 7 ni za kitoto, zitawaharibia jina kabla ya zile kubwa kufika.

Yaani chogo la kweli lipo, limefunikwa gunia stoo, panya wanatafuna waya. Na wanaojiita wapenzi wa chogo wanalikataa kwa ajili ya chogo ambalo halijazaliwa.

Habari za mtaani ni kwamba ofa ya dogo bado ipo mezani hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo hela ya vifaa inaenda kwenye mbolea ya msimu. Fundi, bisibisi unayo. Mzee, ufunguo wa stoo unao. Na zile elfu ishirini za watoto wa watu zirudi, wengine walikuwa wamezitenga kwa ajili ya ada ya VETA.